"Jolene" kwa gitaa moja: namna ya kuupiga, na namna ya kuutolea kava isiyochosha

Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, aliurekodi "Jolene" mwaka 1973 katika studio ya RCA mjini Nashville. Ukatoka Oktoba mwaka huohuo, na mapema 1974 ukakaa nambari moja kwenye chati ya kantri ya Billboard. Ni wimbo wa kodi tatu (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za mwenye nyumba) na hauzidi dakika tatu. Kwa hiyo kila mwenye gitaa hudhani ameuweza ndani ya robo saa, na kwa hiyohiyo kava zake nyingi, yaani matoleo ya waimbaji wengine, zinachosha. Wimbo mwepesi namna hii hauna pa kujificha: ukikosea kitu kimoja, kinasikika mpaka mwisho.

Umesimama juu ya vitu vitatu. Kwanza, kodi za ki ndogo (ki ni noti ambayo wimbo unaiita nyumbani; ndogo ni ile yenye huzuni) ambazo hazigusi E kubwa hata mara moja. Pili, kidole gumba kinachotembea kwenye nyuzi za besi bila kupumzika. Tatu, ombi: mwanamke anamwomba mwanamke mwenzake asimchukulie mume, na anamwomba huku akimsifu, hatukani hata neno moja. Kava zilizosimama hazijabadilisha zaidi ya kimoja kati ya hivi vitatu. Mengine yote hapa chini yanatoka hapo.

Kodi, kapo na ki

Rekodi ya asili iko C♯ ndogo. Usihangaike na kodi za kubana kidole. Funga kapo (kibano cha shingo ya gitaa) kwenye freti ya 4 (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingo) na upige kwa maumbo ya Am, C na G. Kapo ikae karibu kabisa na chuma cha freti ya 4, upande wa kichwa cha gitaa. Ikirudi nyuma katikati ya nafasi, nyuzi zitakwaruza. Ikibana kupita kiasi, nyuzi zinapanda kimo na gitaa zima linakuwa kali kidogo, hasa uzi wa 6 na wa 3 (nyuzi huhesabiwa kutoka ule mwembamba, wa 1, hadi ule mnene, wa 6). Ndiyo maana unafunga kapo kwanza, kisha unatyuni, si kinyume chake. Nyuzi zilizochakaa huonyesha kasoro hii zaidi, na hakuna tyuna itakayokuokoa, badilisha.

Mpangilio wa kiitikio na wa beti ni uleule: Am, C, G, Am, kisha G, kisha Am. Kodi tatu za mwanzo zinapita haraka, mapigo mawili kwa kila moja, halafu Am inakaa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanazigawa kodi sawasawa, pigo nne nne kama wimbo wa kanisani, na jina la Jolene linaanza kuburutwa. Gonga mguu, imba jina mara nne, na uhakikishe kodi inageuka pamoja na jina. Karatasi nyingine za kodi huweka Em fupi kati ya G ya mwisho na Am. Ukiiweka, iwe ya kupita tu; ukiiacha, hakuna atakayekudai.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupiga E au E7 kabla ya kurudi Am. Mkono uliozoea nyimbo za ki ndogo unakwenda huko wenyewe, kwa sababu E7 ina noti ya G♯ inayovuta sikio kurudi nyumbani. "Jolene" haivutwi. G inarudi Am polepole, bila kusukumwa, na huo ndio uzee unaousikia ndani yake, ule wa tenzi za milima ya Appalachia ambako Dolly alizaliwa, upande wa mashariki wa Tennessee. Ukiweka E7 mara moja tu, wimbo unageuka kuwa tango (dansi ya Argentina, si la kachumbari).

Sasa tafuta ki yako, usikopi ya Dolly kwa heshima. Imba kiitikio bila gitaa, kwa sauti ya kawaida, kisha ubeti wa kwanza. Ukiona jina la juu kabisa linakulazimisha kupiga kelele, shuka. Ukiona mwisho wa mstari unazama mpaka unanong'ona, panda. Wanawake wenye sauti ya alto mara nyingi hutulia na kapo freti ya 1 au ya 2 kwa maumbo yaleyale ya Am. Mwanamume aanze na Am bila kapo. Ikiwa bado juu, ahamie maumbo ya Em, G na D, ambapo mpangilio unakuwa Em, G, D, Em, D, Em. Ukiweka kapo freti ya 4 kwa maumbo hayo unapata G♯ ndogo, freti ya 2 unapata F♯ ndogo. Umbo la Em lina faida nyingine: uzi wa 6 ulio wazi unatoa besi nene ambayo Am haina.

Kidole gumba

Kipande cha gitaa kinachofungua wimbo ndicho watu wanachokitambua kabla hata ya sauti. Kasi ni karibu mapigo 110 kwa dakika, na gumba linapiga mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo kodi ya mapigo mawili inapata noti nne za gumba. Vidole vingine vinajaza mapengo. Umbo la kuanzia, kwa namba za nyuzi, ni hili:

Am: 5 – 3 – 4 – 2 – 5 – 3 – 4 – 2
C: 5 – 3 – 4 – 2 – 5 – 3 – 4 – 2
G: 6 – 3 – 4 – 2 – 6 – 3 – 4 – 2

Nyuzi za 6, 5 na 4 ni za gumba. Uzi wa 3 ni wa kidole cha shahada, wa 2 ni wa kidole cha kati. Likishakaa mkononi, ongeza pambo moja kwenye Am: noti ya kwanza ya uzi wa 3 ipige ukiwa wazi, kisha ugongee kidole cha kushoto kwenye freti ya 2 (yaani ya pili kutoka kwenye kapo) bila kuudonoa tena. Pambo hilo liwe moja tu katika kila Am. Ukiligonga kila mahali, mlio unakuwa wa mashine ya kushona.

Kwa maumbo ya Em, gumba linatumia nyuzi za 6 na 4 kwenye Em na G, lakini kwenye D mkono wote unashuka uzi mmoja: gumba 4 na 3, shahada 2, kidole cha kati 1. Mruko huo wa D ndio unaokwaza. Ufanyie mazoezi peke yake, Em kwenda D na kurudi, mara ishirini, kabla ya kuimba.

Aliyekulia kwenye gitaa la Katanga, kusini mwa Kongo, lile la Jean-Bosco Mwenda la gumba na kidole cha shahada peke yake, ana mkono huu tayari. Atumie vidole vyake viwili na asijisumbue kuongeza cha tatu. Tofauti ni kwamba gumba la Bosco huimba lenyewe, linazunguka na kujibu. Hapa gumba ni kazi ya kinu, linatwanga palepale.

Anza metronomu (kifaa kinachogonga mapigo) kwenye 60, panda kwa hatua za 5, na usipande hatua nyingine mpaka upige mizunguko minane bila gumba kusita. Karibu na 90 mkono wa kulia utaanza kukaza. Huo mkazo unatoka kwenye kiwiko, si kwenye vidole: kiegemeze juu ya ubavu wa gitaa na uache kifundo kiwe laini. Besi ikivuma kupita kiasi, laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi za 6 na 5 pale zinapotokea kwenye daraja. Mlio unakuwa mfupi, kama wa ngoma ndogo. Piki ya kuvaa kwenye gumba inasaidia sana kwa mwendo huu, lakini jipe siku chache kuizoea. Mwanzoni inakamata uzi usioutaka.

Usicharaze. Kucharaza nyuzi zote kunafunika gumba, na gumba likishafunikwa wimbo unakosa miguu. Kama una mwenzako wa gitaa la pili, yeye acharaze kidogo kwenye pigo la 2 na la 4, wewe uendelee na kinu chako.

Kuimba

Wimbo unaanza na kiitikio, si ubeti. Ukishatumia sauti yote kwenye Jolene ya kwanza, huna pa kwenda. Mpangilio ni huu: mwanzo wa gitaa, kiitikio, beti nne fupi zinazofuatana, kiitikio, beti mbili, kiitikio, kisha jina linarudiwa huku sauti ikififia. Panga nguvu zako kinyume na mazoea: kiitikio cha kwanza kwa nusu ya sauti, cha pili kwa robo tatu, na beti mbili za mwisho, ambamo msimuliaji anakiri kwamba furaha yake iko mikononi mwa yule mwingine, ziimbe kwa sauti ndogo kuliko zote. Kiitikio cha mwisho kitapanda chenyewe.

Neno Jolene lina silabi mbili na mkazo uko kwenye ya pili. Mswahili hulitamka Jolini, silabi tatu, na ile "ni" ya mwisho inadondokea ndani ya pengo linalohitajika kwa pumzi. Lifunge kwenye n.

Kwenye rekodi, wimbo unafifia. Jukwaani huwezi kufifia, na wapigaji wengi hawalifikirii hilo mpaka wamefika pale, wakaanza kutazamana. Amua mapema: ama umalizie mstari wa mwisho na kupiga uzi wa 5 mara moja ukauacha ulie, ama urudie jina mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na gumba liwe la mwisho kunyamaza.

Kava: kuchagua cha kubadilisha

Sikiliza za wengine ukiwa na swali moja: huyu amegusa nini, ameacha nini?

The White Stripes, wawili tu, Jack White kwenye gitaa la umeme na Meg White kwenye ngoma, waliutoa mwaka 2000 kwenye upande wa pili wa singo yao, kisha toleo la jukwaani likatoka lenyewe mwaka 2004. Waliondoa kinu cha gumba, wakaweka badala yake mshuko na mpando wa sauti: ubeti mtupu kabisa, kisha gitaa linalipuka. Kodi ni zilezile. Maneno ni yaleyale, na Jack White hakugeuza mwanamume kuwa mwanamke ili amwafiki. Lil Nas X, rapa wa Marekani, naye aliuimba BBC Radio 1 mwaka 2021 kwa sauti nzito, bila kugeuza neno hilo. Hilo ni funzo kwa wanaume wanaouogopa wimbo huu. Ukigeuza jinsia, unalazimika kumtafutia Jolene jina jingine, na jina ndilo wimbo.

Strawberry Switchblade, wasichana wawili wa Scotland, mwaka 1985 waliondoa gitaa na kuweka kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Kinachoushika wimbo pale ni kwamba mashine inafanya kazi ya gumba, haikosi pigo. Pentatonix mwaka 2016 waliondoa ala zote, wakaimba pamoja na Dolly mwenyewe, na mwaka 2017 wakapata Grammy. Besi ya mdomo ndiyo inayotwanga. Miley Cyrus, ambaye Dolly ni mama yake wa ubatizo, mwaka 2012 hakubadilisha karibu chochote isipokuwa koo: yake ina mikwaruzo mahali ambapo ya Dolly ni nyembamba kama uzi. Inatosha kabisa. Wenye sauti ya kipekee wasijilazimishe kuwa wajanja.

Beyoncé, kwenye albamu ya Cowboy Carter ya 2024, aligusa nguzo iliyo ngumu kuliko zote, ile ya ombi. Haombi, anaonya. Melodia ya kiitikio aliiacha, ila akaongeza sehemu mpya kuelekea mwisho pamoja na kwaya ya wanaume. Inavutia, lakini bei yake ni kubwa: kodi hizi zimejengwa kwa mtu mnyonge, zinarudi zilikotoka bila kupata jibu. Mtu mwenye nguvu anahitaji mahali pa kufika, ndiyo maana ilibidi aongeze kipande. Ukitaka kugeuza maneno, jiandae kuongeza muziki.

Lipo pia toleo ambalo hakuna mtu aliyeliimba. Ni santuri ya Dolly ya mizunguko 45 iliyochezeshwa kwa mizunguko 33 na theluthi moja, nayo imezunguka sana mtandaoni. Kasi inashuka hadi asilimia 74, mapigo 110 yanakuwa kama 81, na kimo kinashuka nusu toni tano na kidogo, karibu na G♯ ndogo. Dolly anasikika kama mwanamume mwenye sauti laini ya tenori. Unaweza kulitengeneza mwenyewe: ifungue rekodi kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), chagua kubadilisha kasi pamoja na kimo, andika 0.741. Usichague kubadilisha tempo peke yake, maana hapo sauti itabaki ya kike na itajaa mikwaruzo. Kwa mwanamume anayetafuta kava, hili ni darasa la bure: ki, kasi na uzito wa sauti vyote viko pale. Maumbo ya Em na kapo freti ya 4, metronomu 80, na kazi imeanza.

Shida ya kasi ya 80 ni kwamba kila pengo linaonekana. Kwenye 110 noti zilizokosa zinapita. Kwenye 80 zinakaa zikikutazama. Usijaze mapengo kwa mapambo. Punguza: gumba lipige mara moja kwa pigo, noti za juu zibaki mbili.

Kuuimba kwa Kiswahili

Inawezekana, na mwenye mkono wa ushairi ana nafasi nzuri, kwa sababu mistari miwili ya kwanza ya kila ubeti ina mizani karibu 8 na wa tatu karibu 10. Inaonekana kama zawadi. Mtego uko kwenye mkazo. Mstari wa Kiingereza unaanza na silabi dhaifu na kuishia kwenye nzito. Neno la Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari wetu huishia kwenye dhaifu. "Uzuri wako si haba" una mizani 8 kamili, lakini ukiuingiza kwenye melodia hii pigo la mwisho linaangukia "ba", nawe unaimba habá kama mgeni. Ongeza mizani moja: "Uzuri wako unatisha". Sasa "ti" inakaa kwenye pigo na "sha" inateleza baada yake. Kwa hiyo andika mizani 9, au baki na 8 lakini uanze na pigo lenyewe, si kabla yake.

Jambo la pili, Kiswahili hakitofautishi yeye wa kiume na wa kike. "Usimchukue" haisemi nani anachukuliwa. Neno mume lazima lisikike mapema, la sivyo msikilizaji atafika ubeti wa tatu bado anauliza. Na ukilibadilisha jina, tafuta lenye mkazo katikati, kama Amina au Halima, kisha irefushe silabi ya kati kwenye mara ya nne. Ukirefusha ya mwisho, inakuwa adhana ya kuita mtoto sokoni.

Kurekodi na ruhusa

Simu inatosha. Iweke sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekezwa pale shingo inapoungana na sanduku, si kwenye tundu. Tundu linatoa uvumi unaomeza sauti ya mwimbaji. Kwa kuwa gumba haliachi besi, hatari hii ni kubwa kuliko kwa nyimbo za kucharaza. Rekodi gitaa na sauti kwa pamoja kama unaweza. Ukizitenganisha, rekodi gitaa kwanza ukiwa unaimba kimoyomoyo, maana ukilipiga bila maneno utawahi kufika kwenye Am ndefu.

Upande wa sheria, mtunzi ni Dolly Parton peke yake, na wimbo una hakimiliki. Nchini Marekani ipo leseni ya lazima inayokuruhusu kutoa kava ya sauti kwa kulipa malipo yaliyopangwa, na kuupanga kwa mtindo wako, ilimradi usibadilishe melodia ya msingi wala asili ya wimbo. Tafsiri ya Kiswahili haimo humo; kutafsiri ni haki ya mtunzi, na unahitaji idhini. Video nayo ni ruhusa tofauti na ya sauti. Kwa Tanzania anzia COSOTA, kwa Kenya KECOBO, ambazo ni taasisi za hakimiliki, kabla ya kuweka wimbo sokoni. Kwenye maelezo ya wimbo, andika jina la mtunzi, si jina la aliyeutolea kava uliyoipenda. Kosa hilo liko kila mahali, na kwa wimbo huu watu wamewahi kumpa utunzi karibu kila aliyeuimba.

Kabla ya kubonyeza kitufe, jirekodi mara moja bila kuimba, gumba peke yake, kiitikio kimoja na beti mbili. Mtu asiyejua unapiga nini akilitambua jina, endelea na sauti.